Njia ya Kuzifikia Picha za Vidunda

Kwa maelezo ya Debora, muuza maandazi wa mbele ya duka la uchapaji karibu na stesheni ya Kilosa, mambo yalikwenda hivi. Odilia alichomeka flash yake nyekundu kwenye kompyuta ya duka, na picha za akina mama wa Vidunda zikajitokeza zote: jiko, vitanda vilivyotandikwa, maporomoko ya maji, hata mbuzi wa Agatha, mmoja wao. Akachomoa flash, picha zikafa. Akachomeka tena, zikafufuka. Debora aliona kwa macho yake mawili, maana alikuwa amepeleka chai. Siku iliyofuata mpwa wake wa Morogoro akaifungua tovuti hiyohiyo kwenye simu, akakuta maandishi matupu na vijisanduku vyeupe mahali pa picha. Kwa hiyo kuna nini tena cha kuuliza? Yule binti wa Zombo, aliyeishia darasa la saba, amezifungia picha za watu ndani ya kiflash chake ili kikundi kisiweze kupiga hatua bila yeye.

Hivyo ndivyo Debora alivyosimulia Jumamosi kwa wateja wa asubuhi. Jumapili akasimulia nje ya kanisa. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imeshapanda mlima mpaka Vidunda, na huko ikaongezewa namba ya siri ambayo Odilia pekee ndiye aliyeijua.

Ugumu wa Odilia ni kwamba karibu kila alichosema Debora kilikuwa kweli. Flash ikiwepo, picha zilionekana. Isipokuwepo, hazikuonekana. Uongo ulikuwa kwenye lile neno moja tu, kufungia, na ndilo neno watu walilolishika.

Miaka mitano alikuwa amefanya kazi katika lile duka, akipanga kadi za harusi, ratiba za mazishi na fomu za watu. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alisimama nyuma ya waliojua, akaangalia vidole vyao, jioni akajaribu mwenyewe. Kikundi cha akina mama wa Vidunda, wanaokaribisha wageni wa mbuga ya Mikumi wanaotaka kupanda milimani, kilikuwa na tovuti iliyotengenezwa na Godfrey, kijana mwenye diploma anayeishi Morogoro. Godfrey alipozidiwa na kazi zake, mwenyekiti wao, Mama Elizabeti, alimpa Odilia kazi ya kuitunza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa kazi yenye jina.

Mama Elizabeti alipiga simu Jumatatu hiyohiyo. Odilia alisimama ndipo akapokea, kana kwamba mama yule yuko mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nijibu kitu kimoja tu. Picha zetu ziko kwenye flash yako, haziko?"

Odilia alisema ziko kwenye flash, na kwenye mtandao pia ziko, ila njia ya kuzifikia ndiyo yenye kasoro. Alijua tangu sentensi haijaisha kwamba mwenzake ameshasikia alichotaka kusikia. Mama Elizabeti hakugomba. Alieleza taratibu kwamba Alhamisi saa nne asubuhi, pale Mikumi, Bwana Yared anayepeleka wageni mbugani ataifungua tovuti kwa simu yake mwenyewe ili aone kama inafaa kuwaonyesha watu wake.

"Zikionekana kwake, kazi ni yako. Zisipoonekana, inarudi kwa Godfrey, na wewe utabaki na kadi zako za harusi. Nimesema."

"Nimesikia, mama."

Akaketi, akafungua daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akaandika juu ya ukurasa: Alhamisi saa nne. Chini yake akaandika swali. Picha inatafutwa wapi?

Kosa la kwanza alilipata kabla chai haijapoa, akaona aibu. Tovuti ile ilikuwa na kiolezo kimoja. Unaandika mara moja jinsi ukurasa utakavyokaa, na programu yenyewe inazaa kurasa zote kumi na moja kwa kufuata kiolezo hicho. Sasa ndani ya kiolezo, kila mahali pa picha, Odilia alikuwa ameandika anwani inayoanza na herufi E. Pale dukani flash ya mteja yeyote, ukiichomeka, kompyuta huiita E. Kwa Odilia, E lilikuwa jina la mahali kama Kidete au Zombo. Alikuwa ameijaribu tovuti kwenye kompyuta tatu: ya duka, ya ofisi ya parokia, na ya fundi mmoja wa Mikumi. Zote zilikubali, kwa sababu kila alikokwenda alikwenda na flash yake, na kila mahali ikaitwa E. Simu yake ilikuwa kiswaswadu cha kubonyeza, na bando la duka lilikuwa la kubana, kwa hiyo alizoea kufungua nakala iliyomo kwenye flash akiamini ndiyo ileile watu wanayoiona. Mtu wa Morogoro angeitoa wapi hiyo E?

Akaifuta E kila ilipokuwa. Akaandika njia fupi: folda ya picha, kisha jina la picha. Akapandisha mtandaoni, na safari hii akafungua mtandaoni kwelikweli. Ukurasa wa mbele ukaja na mlima wake na mawingu yake. Kisha akabonyeza ukurasa wa Vidunda, na vijisanduku vyeupe vikamtazama.

Mtu mwingine angeanza kubadilisha hiki na kile. Odilia alibonyeza kisanduku kitupu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akakifungua peke yake, akasoma anwani iliyoandikwa juu, herufi kwa herufi, huku akiinakili kwenye daftari. Kompyuta ilikuwa imekwenda kutafuta folda ya picha ndani ya folda ya Vidunda. Folda ya picha haikuwa humo. Ilikuwa nje, ngazi moja juu. Basi ukurasa huanza safari pale uliposimama, akaandika. Wa mbele unasimama nje na kuiona folda ya picha iko jirani. Wa Vidunda umesimama chumbani.

Akaweka nukta mbili, moja baada ya nyingine, mbele ya njia, alama ya kuiambia kompyuta ipande ngazi moja kwanza. Kurasa za Vidunda zikang'aa, jiko la Agatha na sufuria zake zote. Ukurasa wa mbele ukawa mtupu. Kiolezo kilikuwa kimoja, na sasa hata ukurasa uliokuwa nje tayari ulikuwa unaambiwa upande.

Kufikia saa kumi alikuwa amejaribu la tatu. Aliwahi kumwona Godfrey akianza njia na slashi, kale kamstari kalikoinama, akasema hiyo huanzia juu kabisa popote ulipo. Odilia akaweka slashi. Picha zote, za kurasa zote kumi na moja, zikapotea.

Hakuinuka. Akafungua kisanduku kitupu peke yake, akasoma anwani. Tovuti ya akina mama haikuwa na jina lake yenyewe. Godfrey alikuwa ameipangisha ndani ya tovuti ya rafiki yake, kwenye folda iliyoitwa akinamama. Neno hilo, akinamama, halikuwemo kwenye anwani ya picha. Slashi ilikuwa imevuka chumba chao na kwenda kubisha hodi sebuleni kwa mwenye nyumba, ambako hakuna mtu anayemjua Agatha wala jiko lake. Odilia akaandika hilo pia, akapiga mstari chini yake.

Jumanne asubuhi nenosiri la kupandishia tovuti likakataa. Alijaribu mara tatu, polepole, akihakiki kila herufi. Akampigia Godfrey.

"Odi, usinichukie," Godfrey alisema. "Mama Elizabeti kaniambia badilisha, nimebadilisha. Kasema na wewe usipewe mpaka Alhamisi ipite."

"Sasa nitapandishaje?"

"Ndiyo hapo sasa." Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Akamwambia asiumize kichwa, ipo njia ya mkato: achukue folda ya picha, ainakili ndani ya kila folda, kila ukurasa uwe na picha zake chumbani. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Odilia aliangalia daftari lake. "Folda ziko tano. Agatha akijenga jiko jipya, nibadilishe picha mara ngapi?"

"Mara tano."

"Nikisahau moja?"

"Nani atajua?"

"Mgeni atakayefika Vidunda akaulizia jiko la udongo aliloliona, akaonyeshwa la matofali. Na mimi nitakuwa nimeshaambiwa nilificha, safari hii nitaambiwa nadanganya."

"Kumbe darasa la saba mnabisha hivi."

"Tulifundishwa kuhakiki jibu, kaka Godfrey. Niambie kitu kimoja. Nikiandika hilo jina la akinamama mwenyewe mbele ya kila picha, itakubali?"

Godfrey alisema itakubali kwa leo. Ila baada ya mvua kikundi kitahamia kwenye jina lake chenyewe, folda ya akinamama haitakuwepo, na picha zote zitapotea upya. Odilia akamwomba basi afanye jambo moja: akimtumia tovuti yote ikiwa faili moja, aipandishe Alhamisi asubuhi kama ilivyo, bila kugusa. Godfrey akasita, akasema yeye atakuwa njiani kwenda kazini, atapandisha mara moja tu, ikigoma asimtafute. Odilia akasema mara moja inatosha. Alipokata simu hakujua kama inatosha kweli.

Siku ile yote na nusu ya Jumatano alihudumia wateja huku akifikiri. Alichapa ratiba ya mazishi ya mtu wa Kidete, akalaminisha vyeti viwili, akampiga picha za pasipoti mzee mmoja aliyekataa kutazama mbele. Kati ya mteja na mteja alirudi kwenye kompyuta kutazama tovuti ilivyoachwa, vijisanduku vyeupe vitupu chini ya utepe wa kijani wa kichwa cha ukurasa. Aliutazama utepe ule mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Ndipo akajiuliza jambo ambalo hakuwa ameliandika kwenye daftari. Tangu akabidhiwe kazi hii, picha zimepotea mara nne kwa namna nne. Mbona rangi ya kijani haijawahi kupotea hata siku moja?

Rangi nazo zilikuwa kwenye faili lao, na faili hilo nalo lilihitaji njia ya kufikiwa, kutoka ukurasa wa mbele na kutoka vyumbani. Odilia akafungua kiolezo, akapanda mpaka juu kabisa, kwenye mistari aliyoiandika Godfrey mwanzoni, ambayo yeye hakuwahi kuigusa kwa sababu haikuwa na kasoro. Kabla ya jina la faili la rangi palikuwa na mabano ya mviringo wenye ncha, mawili yanayofungua na mawili yanayofunga, na katikati neno moja: mzizi. Kisha slashi, kisha jina la faili.

Akaenda kwenye faili la mipangilio. Mstari wa nne ulisema mzizi wa tovuti ni slashi na akinamama. Basi. Kiolezo hakikuandika mahali pa kuanzia, kiliuliza. Programu ilikuwa inakijibu kila inapozaa ukurasa, na jibu lilikuwa lilelile kwa wa nje na wa chumbani. Siku kikundi kikihamia kwenye jina lake, mtu atabadilisha mstari mmoja wa mipangilio, na kurasa zote zitafuata.

Alifunga mlango wa kioo, akaweka kibao cha narudi sasa hivi, akaanza. Picha zilikuwa thelathini na moja. Nyingine zilikuwa kwenye kiolezo, nyingine zimechomekwa katikati ya maelezo ya kila mama, na kila moja aliiendea, akaiwekea mabano na lile neno, akaisoma kwa sauti ya chini, akaitia alama kwenye daftari. Alipofika thelathini picha zikaisha, akarudi mwanzo akazihesabu tena, akapata kwamba ya kumi na saba ameiruka. Ilikuwa ya mbuzi.

Lililobaki ni kujaribu bila mtandao. Programu ile ilikuwa na namna ya kuifanya kompyuta ijifanye ni mtandao, na folda ya akinamama ikiwa mahali pake kama kule nje. Odilia akahamisha kila kitu kwenye kompyuta ya duka. Kisha akachomoa flash, akafungua mlango, akamwita Debora.

"Dada Debora, shika hii."

Debora alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Aliitazama flash kama mtu anayepewa chura. "Mimi ya nini?"

"Shika tu. Uikaze. Njoo nayo."

Debora akaja, ngumi imefumba. Odilia akafungua ukurasa wa mbele. Mlima ukaja. Akafungua Vidunda, jiko likaja, vitanda vikaja. Akafungua Kidete na mto wake. Akaenda mmoja mmoja mpaka wa kumi na moja, akimwachia Debora muda wa kutazama kila mmoja. Debora aliangalia kioo, akaangalia ngumi yake, akaifungua kuhakikisha flash bado imo.

"Sasa," alisema, "siku zote hizi ulikuwa umezificha wapi?"

Odilia alianza kumweleza habari ya herufi E, akaona macho ya mwenzake yameshakimbilia kwenye kikaango, akaacha. Akaipokea flash, akaifuta unga, akaitia kwenye droo ya meza na kuifunga. Kisha akamtumia Godfrey tovuti yote ikiwa faili moja.

Alhamisi aliwahi gari la kwanza la Mikumi. Mama Elizabeti alikuwa ameshashuka kwa bodaboda, ameketi katika mgahawa ulio kando ya barabara kuu, kitenge kikiwa na vumbi la njia ya mlimani. Alipokea shikamoo, akamtazama mikono.

"Flash?"

"Nimeiacha Kilosa, mama."

Akamwonyesha kiti cha pembeni. Malori ya Iringa yalipita, vikombe vikatetemeka juu ya visahani. Saa nne kasoro dakika tano kiswaswadu cha Odilia kilitoa mlio. Ujumbe wa Godfrey: Nimepandisha. Sijagusa kitu. Naingia kazini.

Bwana Yared alikuja akiwa na haraka ya mtu mwenye wageni wanaomsubiri getini. Aliwasalimu, akaagiza chai, akatoa simu kubwa, akaandika anwani huku Mama Elizabeti akimsomea kutoka kwenye karatasi. Odilia hakusogea. Kutoka pale alipokaa aliweza kuona kioo kikiwa kimelala upande.

Mlima ukaja haraka. Bwana Yared akaguna, akabonyeza Vidunda. Utepe wa kijani ukatokea, maandishi yakatokea, kisha kisanduku cheupe. Mama Elizabeti aligeuza uso, akamtazama Odilia bila kupepesa. Odilia alikitazama kisanduku. Alijisemea moyoni, mstari wa nne, mzizi, slashi, folda ya picha, jiko. Hakupata palipokosewa. Mtandao wa pale ulikuwa mzito tu, alijiambia, na hakujua kama anasema kweli.

Ukingo wa paa ukaanza kuonekana. Kisha moshi. Kisha sufuria, na Agatha ameinama na kijiti cha kuni mkononi, anacheka na mtu asiyeonekana.

"Huyu ni nani?" Bwana Yared aliuliza.

"Huyo ndiye atakayewapikia," alisema Mama Elizabeti.

Akapitia kurasa zote, akarudi kwa mbuzi mara mbili, akacheka. Kabla hajamaliza chai alisema ana watu sita mwezi wa saba wanaopenda kutembea kwa miguu, atawaonyesha. Akaaga, gari lake likapotea kwenye vumbi la malori.

Mama Elizabeti alitoa simu yake mwenyewe, akafungua tovuti, akahakikisha kwa kidole chake. Ilimchukua muda. Hatimaye akamwuliza Odilia ilikuwa ni nini hasa, na Odilia akamweleza yote bila kujitetea: herufi E aliyoiandika mwenyewe, ukurasa unaoanza safari pale uliposimama, kupanda ngazi, sebule ya mwenye nyumba, na ule mzizi ulioandikwa mahali pamoja. Mama Elizabeti alisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Ni kama sisi kwetu," alisema. "Mgeni nikimwambia panda, kisha shika kulia. Akiwa nyumbani kwangu atatokea kanisani. Akiwa kwa Agatha atatokea makaburini."

"Ndivyo hivyo, mama."

"Kwa hiyo kazi ni yako. Nilisema, sirudi nyuma."

"Nashukuru." Odilia alisimama. Maneno aliyokuja nayo kutoka Kilosa alikuwa ameyapanga njia nzima, akayapunguza mpaka yakawa machache. "Mama, naomba jambo. Jumapili mkikutana, useme mbele yao wote kwamba nilikosea, lakini sikufungia picha ya mtu. Useme wewe, kwa mdomo wako. Na nenosiri lirudi kwangu."

Mama Elizabeti alichukua pindo la kitenge, akafuta kioo cha simu, akakifuta tena pale ambapo palikuwa pameshatakata. Nje mwenye bodaboda alipiga honi, akapiga ya pili. Mama akafungua ukurasa wa Kidete, akautazama mto, akapitisha kidole kwenda ukurasa unaofuata.

Odilia alikuwa bado amesimama, mikono yote miwili juu ya meza, akisubiri jibu.